Linux Mint 22 baada ya Windows 10: nimehama na programu ya mwaka 1994

Ujumbe ulitokea kwenye skrini ya kompyuta ya marehemu baba, mama akaupiga picha akanitumia: Windows 10 itakoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Chini ya picha aliandika, "Mwanangu, ndiyo imefika mwisho? Na maneno ya baba yako je?"

Maneno ya baba ni istilahi. Alikuwa mfasiri wa nyaraka za kisheria, na tangu 1994 alikuwa akiziweka katika programu ndogo ya kamusi iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows 3.1. Mna vidahizo 11,460, kila kimoja na maana yake, sentensi ya mfano na tarehe aliyokikuta. Mama naye ni mfasiri, na hadi leo hafungui kazi bila kufungua kwanza dirisha lile la kijivu. Programu yenyewe haina toleo jipya, haina wa kumuuliza, na haina njia ya kutoa yaliyomo ila kuyachapisha. Baba aliihamisha mwenyewe kutoka Windows 95 hadi XP, akaifikisha 7, kisha 10, na kila alikofika ilifunguka. Hatua iliyofuata ikaniangukia mimi.

Niliihamia Linux Mint, mfumo endeshi mbadala wa Windows, mwezi Juni 2025, na tangu hapo mama anaitumia kila siku ya kazi. Kwa mtu mwenye mashine ambayo Windows 11 haiipokei, na ndani yake mna programu ya kale asiyoweza kuishi bila hiyo, sijaona njia bora zaidi. Kwa mtu mwenye mashine mpya na programu za kawaida nisingesema hivyo. Laptopu yangu mwenyewe niliipeleka Windows 11 na imetulia. Nitaieleza hiyo kwanza kwa kifupi, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kwamba kuhama matoleo ni mambo mawili tofauti: je, mfumo mpya utaikubali mashine yako? Na je, utavikubali vitu ulivyokuja navyo?

Laptopu yangu iliikidhi Windows 11 kwa karatasi. Prosesa ni Intel ya kizazi cha nane, ramu GB 16, nafasi ya diski tele. Hata hivyo programu ya ukaguzi ilisema haifai. Ukiandika tpm.msc kwenye kisanduku cha kutafutia utaona kama TPM 2.0, kijenzi cha usalama ambacho Windows 11 hukidai, ipo na imewashwa. Yangu ilikuwepo ndani ya prosesa ila imezimwa kwenye mipangilio ya UEFI, programu ya ndani inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows. Kuiwasha ni dakika mbili. Lakini kabla ya kugusa chochote huko, hakikisha una ufunguo wa urejeshaji wa diski ikiwa diski imesimbwa. Ufunguo huo una tarakimu 48, na mashine inaweza kuudai mara tu inapoona mipangilio imebadilika.

Kikwazo cha pili kilikuwa diski. Ilikuwa imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, ilhali kuwaka kwa UEFI kunataka mtindo mpya, GPT. Windows 10 ina zana iitwayo mbr2gpt inayobadilisha mgawanyo huo bila kufuta faili. Nilianza na amri ya kukagua tu, mbr2gpt /validate /allowFullOS, na ikakataa, kwa kuwa diski ilikuwa na sehemu kuu nne na zana hiyo inakubali zisizozidi tatu. Moja ilikuwa sehemu tupu niliyoiacha miaka mingi. Nikaifuta, nikakagua tena, ikapita. Baada ya hapo Windows 11 ilijisakinisha juu ya 10, programu zangu zote zikabaki mahali pake, na folda ya Windows.old ikakaa pembeni kwa siku 10 za kurudi nyuma kama ningetaka. Sikutaka.

Tofauti ambayo wengi hawaioni ni kwamba ndani yake Windows 11 bado inajitambulisha kama 10.0. Kinachobadilika ni namba ya jengo (build), ambayo ilianzia 22000. Ndiyo maana programu nyingi za Windows 10 hazina habari kwamba zimehamishwa. Na programu za biti 32 zina nyumba yake ndani ya mfumo wa biti 64, ile folda ya Program Files (x86) unayoiona kila siku. Kwa watu wengi utangamano ni mzuri kiasi kwamba hawatajua kama ni jambo la kufikiriwa.

Kompyuta ya baba ilikuwa kesi nyingine kabisa.

Hiyo ni ya mezani, Core i5 ya kizazi cha tatu, ramu GB 8. Prosesa hiyo haimo katika orodha ya Windows 11 na TPM 2.0 haina. Zaidi ya hayo, baba alikuwa ameweka Windows 10 ya biti 32 kwenye mashine inayomudu biti 64. Kwa miaka nilidhani ni makosa ya aliyeisakinisha, kwa sababu nusu ya ramu ilikuwa imelala bure. Mfumo wa biti 32 wa Windows ya kawaida hautumii zaidi ya GB 4. Nilipoichunguza ndipo nikaelewa kwamba alifanya makusudi. Programu ya 1994 ni ya biti 16. Windows ya biti 32 ina kijenzi kiitwacho NTVDM kinachoendesha programu za biti 16, na Windows za biti 64 hazina. Baba alikubali kupoteza nusu ya ramu ili asipoteze kamusi.

Sasa hapo ndipo njia ilipoishia, maana Windows 11 haina toleo la biti 32. Hata ningenunua mashine mpya kabisa, iliyo na kila kitu kinachotakiwa, programu ile isingefunguka. Ule mpango wa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026 ungeninunulia mwaka mmoja tu, na mwisho wake ningesimama palepale.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu nimeona watu wakikata tamaa mapema kwa kuambiwa "prosesa za biti 64 haziwezi biti 16". Hilo ni nusu ya ukweli. Prosesa ikiwa katika hali ya biti 64 haina tena ile hali ya kuigiza prosesa ya kale ya 8086 ambayo programu za DOS ziliitegemea. Lakini maelekezo ya biti 16 ya hali linzi (protected mode), ambayo ndiyo programu za Windows 3.1 huyatumia, bado inayatekeleza. Kinachohitajika ni programu ya kati itakayoipokea ile ya kale na kuijibu kama ambavyo Windows ya wakati ule ingeijibu. Kwenye Linux programu hiyo ipo. Ni Wine, mradi ulioanza 1993, yaani una mwaka mmoja zaidi ya kamusi ya baba. Wine haiigizi kompyuta nzima. Inatafsiri maombi ya programu ya Windows kuwa maombi ya Linux. Ni mfasiri, na nadhani baba angeipenda kwa hilo.

Nilichagua Linux Mint kwa sababu mama hataki kujifunza upya mahali pa kila kitu. Eneo-kazi la Cinnamon lina mwambaa chini, menyu kushoto, saa kulia. Familia ya 22 ilianza Julai 2024 na itahudumiwa hadi 2029. Nilisakinisha 22.1.

Kabla ya kusakinisha, Mint hukuruhusu kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na hili ni jambo ambalo ningelitamani kwa kila mfumo duniani. Nilikaa saa mbili katika hali hiyo nikijaribu sauti, mtandao, printa na skana. Skana ndiyo iliyonishangaza. Kampuni iliyoitengeneza iliacha kutoa draiva zamani, na draiva iliyopo ni ya biti 32 peke yake. Draiva zinazoingia kwenye kiini cha mfumo hazina huruma ya utangamano kama programu za kawaida: kiini cha biti 64 kinataka draiva ya biti 64, basi. Kwa hesabu hiyo skana ilikuwa ya kutupwa. Kwenye Mint niliichomeka, nikafungua programu ya kuskani, ukurasa ukatoka. Mradi wa SANE umebeba draiva za skana nyingi za zamani miaka yote hii. Nilimwita mama aje aone.

Kazi kubwa haikuwa kusakinisha. Ilikuwa kutoa maneno salama, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu mtu akiniuliza afanye nini kwanza, nitamwambia hivi: toa data yako wakati mfumo wa zamani ungali hai. Ukishafuta, umechelewa.

Programu ilijua kuchapisha tu. Kwa hiyo ndani ya Windows 10 niliongeza printa ya bandia, ile ya maandishi matupu isiyo na mapambo, nikaielekeza ichapishe kwenye faili badala ya karatasi. Kisha nikaiambia kamusi ichapishe vidahizo vyote. Ilichukua muda, ikatoa faili moja ndefu ya maandishi. Nilipoifungua kwenye Mint, herufi zilikuwa sawa isipokuwa kitu kimoja. Ng'amua, ng'atuka, ng'oa, kila neno lenye ng' lilikuwa limepasuka katikati, na mahali pa ritifaa palikuwa na alama ya kuuliza ndani ya almasi nyeusi. Baba alikuwa na tabia ya kuandika ritifaa iliyopinda, si ile iliyonyooka. Katika usimbaji (namna ya kuhifadhi herufi) wa zamani wa Windows-1252 alama hiyo ni baiti moja tu, 0x92, ilhali mifumo ya leo inasoma UTF-8, ambako baiti hiyo peke yake haina maana. Amri moja iliponya kila kitu: iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8. Ng' zote zikarudi. Wenzangu mnaoandika Kiswahili, mkihamisha maandishi ya zamani tafuteni ng' kwanza. Zikiwa nzima, uwezekano ni mkubwa kwamba mengine yote ni mazima.

Faili ya maandishi ilikuwa bima. Kilichotakiwa hasa na mama ni programu yenyewe, vilevile ilivyo. Nikanakili folda nzima, nikapima alama ya SHA-256 ya faili ya data, yaani alama inayobadilika faili ikibadilika hata kidogo, kwa certutil upande wa Windows, na kwa sha256sum upande wa Mint. Zilifanana tarakimu kwa tarakimu. Kisha nikachomoa diski ya zamani, nikaweka SSD mpya, na kusakinisha Mint humo.

Wine iliyo katika hazina ya Mint 22 ni ya 9.0. Usiridhike na sehemu ya biti 64 inayokuja kwa chaguo-msingi. Ongeza wine32, kwa sababu uwezo wa biti 16 unakaa humo. Halafu nikatengeneza mazingira ya Wine ya biti 32 kwa kuweka WINEARCH=win32 kabla ya kuyaanzisha mara ya kwanza, na katika mipangilio nikachagua Windows 3.1 kwa ajili ya programu hii pekee. Ni chaguo lililopo kwenye orodha, na halionekani ikiwa mazingira ni ya biti 64. Hicho ndicho kilichonipotezea jioni nzima. Nilitengeneza mazingira ya kawaida, nikatafuta Windows 3.1, sikuiona, nikafikiri imeondolewa.

Jaribio la kwanza dirisha lilifunguka, la kijivu vilevile, lakini likadai haliioni faili ya data. Sababu ilikuwa majina. Programu za enzi ile zinajua majina ya herufi nane na kiambishi cha herufi tatu. Baba alikuwa ameweka faili katika folda iitwayo Istilahi za Mahakama, na Windows ilikuwa ikiipa programu jina fupi, ISTILA~1, ambalo programu ililihifadhi katika mipangilio yake. Wine nayo hutengeneza majina mafupi, ila kwa kanuni yake yenyewe, kwa hiyo jina halikufanana. Nikabadilisha folda iitwe ISTILAHI, herufi nane kamili, nikarekebisha mstari mmoja kwenye faili ya mipangilio. Nikafungua tena.

Chini ya dirisha: 11,460.

Sikuamini hesabu peke yake. Nilichagua vidahizo mia kutoka kwenye ile faili ya maandishi, nikavitafuta kimoja kimoja ndani ya programu, nikalinganisha. Mama alikaa kando yangu akinisomea. Kuna mahali alinyamaza, akasema mfano ule baba aliuandika usiku waliokesha pamoja na mkataba mrefu wa ardhi. Tukaendelea.

Sasa mambo ambayo hayakwenda vizuri, kwa sababu yapo.

Barua za mama za miaka ya karibuni ziliandikwa kwa fonti ya Calibri, ambayo haiji na Linux. LibreOffice ikaweka fonti nyingine, mistari ikasogea, barua ya kurasa tatu ikawa ya nne. Hakikisha Carlito na Caladea zimesakinishwa. Zimetengenezwa zikiwa na vipimo vilevile vya Calibri na Cambria, na mistari hurudi mahali pake. Hata hivyo jedwali moja lenye seli zilizounganishwa ilibidi nilipange upya kwa mkono. Kwa nyaraka zinazopita kati ya watu wawili wenye mifumo tofauti na kurekebishwa mara kwa mara, hili bado ni usumbufu wa kweli, nami simwambii mtu kwamba halipo.

Mint hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili. Wiki ya kwanza mama alikuwa na Mkataba.odt na mkataba.odt katika folda moja, akarekebisha moja na kutuma nyingine. Ameshazoea, lakini mweleze mapema mtu unayemhamisha.

Nilipoiunganisha diski ya zamani kwa waya wa USB, ilikubali kusomwa tu, bila kuandikwa. Windows ilikuwa imezimwa huku uwashaji wa haraka ukiwa umewezeshwa, na hali hiyo huiacha diski kama iliyolala nusu. Kwangu ilikuwa heri, kwa kuwa nilitaka kusoma tu. Anayetaka mifumo miwili kwenye mashine moja azime kipengele hicho kabla hajaanza.

Na Timeshift. Ni zana nzuri ya kupiga picha ya hali ya mfumo ili uweze kurudi nyuma sasisho likiharibu kitu. Kwa mpangilio wake wa kawaida lakini haichukui folda ya nyumbani, yaani haichukui kazi zako. Mtu akiiona inasema imefanikiwa anaweza kulala akidhani barua zake ziko salama. Nimeweka chelezo ya pili ya folda ya mama, kila usiku, kwenye diski ya nje, na kamusi imo.

Septemba 2025 lilitoka toleo la 22.2. Nililiogopa kuliko nilivyoogopa kuhama kwenyewe, kwa sababu sasa palikuwa na kitu cha kupoteza. Nilipiga picha ya Timeshift, nikabofya kuboresha ndani ya kisimamizi cha masasisho, nikawasha upya, nikafungua kamusi. Ilifunguka. Kuhama ndani ya familia moja ya Mint ni kazi ndogo, maana misingi, ambayo ni ya Ubuntu 24.04, haibadiliki; kwenda familia ijayo ndiko kutakakohitaji mtihani mwingine wa vidahizo mia, kwa sababu Wine itakuwa nyingine.

Ramu yote GB 8 sasa inaonekana. Mashine imekuwa nyepesi kuliko nilivyoikumbuka tangu ilipoingia nyumbani, ingawa sehemu ya sifa hiyo ni ya SSD na nisiinyime.

Nani asipite njia hii? Mwenye programu inayotegemea ufunguo wa kuchomeka wa zamani wenye draiva yake ya kiini, maana Wine haiwezi kuendesha draiva za Windows za aina hiyo. Mwenye programu ya DOS anahitaji DOSBox badala ya Wine. Mwenye programu nyingi za Windows zinazofanya kazi pamoja, zikipashana data, atapata nafuu zaidi kwa kuigeuza diski nzima ya zamani kuwa mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya nyingine, kwa zana kama Disk2vhd na kuifungua ndani ya VirtualBox bila kuiunganisha na mtandao. Mimi nilikuwa na programu moja, na ilitosha kuijenga nyumba kuizunguka.

Diski ya zamani iko kwenye bahasha, tarehe imeandikwa juu. Mama ameongeza vidahizo viwili tangu Juni, na hesabu chini ya dirisha ni 11,462.